Kaa Arobaini wa Mama Miguu

Msomi alikuwa Profesa, lakini mkata miguu alikuwa yeye, ndiyo maana maabara nzima ilimwita Mama Miguu. Miaka kumi na mmoja: mguu mmoja kwa kila kaa, ndani ya kichupa cha spiriti, na ubavuni jina la ghuba, Kaskazini au Kusini. Kaa mwenyewe alirudishwa baharini akichechemea kwa ajili ya sayansi. Profesa alisoma vinasaba vya miguu hiyo ajue nani ni ndugu wa nani, kazi ambayo mashangazi huifanya bure kwenye kila msiba.

Siku moja alipiga kikumbo trei. Spiriti ikamwagika, na wino wa kalamu haukuiweza: vichupa arobaini vikabaki uchi, bila jina la ghuba. Mama Miguu akatazama huku na huku, akaandika upya kwa kukisia. Mguu ni mguu, alijiambia, nani atajua?

Hakuna aliyejua. Ila ripoti ilipotoka ilisema kaa wa ghuba zote mbili ni ukoo mmoja, damu imechanganyika. Kwa hiyo Ghuba ya Kaskazini ifukiwe, ijengwe bandari, maana kaa wake wana ndugu Kusini wa kuendeleza kizazi. Hapo usingizi ukamhama. Kaka yake alivua kaa Kaskazini, na tangu zamani alishikilia kwamba kaa wa kwao ni wengine kabisa, hawajawahi kuoa nje.

Siku moja kabla ya kikao cha wakubwa cha kuipitisha bandari, aliingia kwa Profesa, penseli sikioni, na ndoo ya kaka yake mkononi, kaa arobaini wakikwaruzana ndani. Penseli haifutwi na spiriti. Alilijua hilo miaka yote, akapenda kalamu kwa kuwa iliupendezesha mwandiko wake.

Akasema yote.

"Nani mwingine anajua?" Profesa aliuliza.

"Kaa."

"Ripoti ina jina langu, Mama Miguu."

"Najua, Profesa. Na ghuba ina kaka yangu."

Profesa akamweleza kwa upole kwamba anayenyamaza hupandishwa cheo. Mama Miguu akatoa kaa wa kwanza, akakata mguu, akaandika Kaskazini taratibu, kama anayechonga jiwe la kaburi.

Alipomaliza mguu wa saba, Profesa akanyoosha mkono. Aliomba ufunguo wa maabara kwanza. Alipoupata ndipo akashika simu kuahirisha kikao.

Mama Miguu alitoka bila kuaga. Ndoo aliiacha, na kaa thelathini na watatu wenye miguu yao yote, wakingoja mkataji mwingine.