Mama Yetu na "Rejea Hapo Juu"

Sebuleni kwa dada yangu, Machame, Jumapili ile tulikuwa wanne. Dada mwenyewe, mgonjwa, amelala kwenye kochi. Binti yake, aliyenifungulia blogu na ndiye msomaji wangu pekee wa hiari. Jirani aliyeleta maziwa akakaa. Na mimi mwandishi, nimefunga tai.

Nilikuwa nimeandika habari za marehemu mama yetu, ili dada amsikie tena. Binti akashika simu, akasoma: "Yahusu: Mama yetu mzazi. Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu."

Jirani akauliza, "Kwani mama yenu alikuwa anaomba kazi?"

Dada akacheka mpaka akakohoa. "Wewe, siku mama alipokukimbiza migombani na mwiko, ulimwambia 'rejea hapo juu'?"

"Nilimwambia siyo mimi niliyekunywa mtori, supu ya ndizi aliyopikiwa mzazi."

"Na mtori ukikutiririka kidevuni!"

"Mjomba, usiishie hapo," binti akasema, kidole tayari juu ya simu. "Ongea hivyohivyo, naandika."

Nikaongea, bila utangulizi wala hitimisho ambavyo walimu wangu walinifundisha kwa fimbo. Nilipomaliza, binti akatusomea. Dada alisikiliza amefumba macho.

"Huyo ndiye mama," akasema. "Na huyo mwenye mtori ni wewe. Yule wa barua ya ofisini simjui."

Nikalegeza tai. Hata leo, kabla ya kuandika safu hii, mkono ulikwisha kuandika "Yahusu", nikafuta.

Dada alifariki Alhamisi iliyofuata Jumapili ile.