Siku Dada Alipopiga Magoti Katikati ya Mchezo

Besi ya pili sasa iko ndani ya jiko la mtu. Nakwambia nilichokiona kwa macho yangu, baridi hii iliyopita, niliporudi Songea na kumshawishi dada tutembee hadi Msamala kuutazama uwanja wetu. Nilitegemea nyasi ndefu, labda mahindi. Tulikuta nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, na pale nilipowahi kusimama nikihema, mama mmoja alikuwa anasonga ugali. Nilishtuka hadi nikasahau kubisha hodi.

"Karibuni," alisema, akitushangaa. "Mmepotea?"

Dada akacheka. Mimi sikuweza.

Kama hujawahi kuuona mchezo wa besiboli, usihofu, nasi tulianza hatujui kitu. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa rungu. Ukishaupiga, unakimbia kuzunguka vituo vitatu viitwavyo besi, kisha unarudi ulipoanzia, mahali panapoitwa nyumbani. Ukifika, timu yako inapata pointi. Ukiguswa na mpira njiani kabla ya kufika, umetoka. Ukishaelewa hayo, umeelewa karibu yote. Mengine utayajua ukitazama.

Mchezo huo alituletea mwalimu wa hesabu, Mjapani aliyekuja kujitolea shuleni kwetu. Rungu letu lilichongwa na fundi seremala wa Majengo kwa mti wa mninga, zito kama mchi wa kinu. Besi zilikuwa viroba vya mchanga. Asubuhi za kipupwe mpira ukikugonga kiganjani, maumivu unakwenda nayo hadi darasani. Wazee wa Msamala hawakuelewa sheria hata moja, lakini waliupenda mchezo kwa sababu kabla ya kuanza, timu mbili zilijipanga mistari, zikavua kofia na kuinamiana. "Huu ndio mchezo wa watu waliolelewa," bibi yetu alisema, na tangu hapo akawa anatuletea togwa tunywe kila tulipocheza.

Kati yetu wasichana, dada ndiye aliyekuwa na mbio. Alikuwa akisikia neno Dar es Salaam anaacha hata kutafuna. Basi mwalimu alipotangaza kwamba tutacheza na wasichana wa Tunduru, na kwamba watakaoshinda watakwenda Dar kwenye mashindano, dada alianza kukimbia hata akitumwa chumvi. Mama alimwambia, "Utafika Dar kwa miguu wewe, hilo basi utalikuta njiani."

Wenzetu wa Tunduru walifika wamejaa vumbi la safari, wakatuletea korosho, wakatuchezesha kweli kweli. Hadi zamu yetu ya mwisho tulikuwa sare, na wawili wetu walikwisha kutolewa. Akitolewa wa tatu, zamu imekwisha. Dada akashika rungu.

Mlio wa mninga ule ninao masikioni. Mpira ulikwenda mbali, kule kwenye migomba. Dada akapita besi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mpira ulikuwa bado unatafutwa. Sisi tulikuwa tunapiga kelele, "Nyumbani! Nyumbani!" na wengine walikwishaanza kulia kwa furaha.

Ndipo bibi akatokea. Njia ya mkato ya kutoka bondeni ilikata uwanja, kati ya besi ya tatu na nyumbani, naye akaifuata kama siku zote, ndoo ya togwa kichwani. Wala hakuwa na habari kwamba kuna mtu anakimbilia Dar es Salaam.

Dada akasimama. Akapiga magoti palepale mavumbini.

"Shikamoo, bibi."

Mpira ukarushwa, ukamfikia yule binti wa Tunduru aliyelinda nyumbani. Akaja mbio nao mkononi, na hapo nikaona jambo ambalo mpaka leo nikilisimulia watu hawaniamini. Alipofika mbele ya bibi, naye akapiga magoti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmeshindaje? Na wewe mgeni, huko kwenu hawajambo?"

"Hawajambo, bibi."

"Msalimieni na babu yetu basi!" mvulana mmoja alipiga kelele kutoka pembeni. Hakuna aliyecheka.

Bibi alipomaliza kuulizia afya za watu, binti wa Tunduru, bado yuko magotini, akanyoosha mkono taratibu na kumgusa dada begani kwa mpira. Tukamgeukia mwalimu, aliyekuwa mwamuzi. Alivua kofia. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mchezo haukusimama. Ametoka."

Raundi ya nyongeza ilichezwa, lakini tulikuwa tumeduwaa. Tunduru wakashinda. Bibi alipoelezwa alichofanya, alikaa chini ghafla. "Kwani alikuwa anakwenda wapi?" aliuliza. "Mimi nilidhani ananikimbilia mimi, anipokee ndoo."

Mwaka uliofuata mwalimu alirudi kwao. Rungu liliwekwa stoo, na sikuliona tena. Bibi tulimzika. Mimi nimebaki mpenzi wa besiboli miaka yote hii, natazama mechi za mbali kwenye simu, nawaeleza wanangu sheria hata wasipotaka. Na kila mara nilipoikumbuka siku ile nilijiambia ilikuwa mazoea tu. Mtoto kaona mkubwa, magoti yakajikunja yenyewe.

Tulipotoka kwa yule mama wa ugali nikamwambia dada hivyo. Akanitazama kwa mshangao.

"Mazoea? Nilimwona tangu nageuka besi ya tatu, mdogo wangu. Anachechemea, togwa inamwagikia usoni. Nikajua nikipita, nafika."

"Ulijua?"

"Nilijua. Ningempita mbele ya Msamala nzima, wakati ndiye aliyetuletea togwa?"

Nilisimama pale kati ya kuta za watu. Nilikwenda kuulilia uwanja, kumbe miaka yote sikuwa najua kilichopotea pale.

"Lakini Dar ulikuwa unaitaka kuliko sisi wote," nikasema mwishowe.

Dada akakaza kanga yake kiunoni. Yeye hulima tumbaku Namtumbo, na safari zake ndefu huishia hapa hapa mjini.

"Naitaka mpaka leo," akasema.