Mama Mizani Alivyonitoa Chumbani

Mama Mizani hakujaliwa kuzaa, lakini mtaani kwetu ni vigumu kumpata mtoto ambaye hajamkojolea. Kazi yake ni kupima watoto uzito kliniki. Ni mfupi, sauti yake inafika ng'ambo ya barabara, na ulimi ndio kabisa hauna mfupa. Jioni akitoka kazini hupita kwa wazazi kuwaangalia wanavyonyonyesha. Haalikwi. Ukimpa kiti, anakaa kitandani.

Kwetu alikuja wakati mjukuu wangu ana siku kumi na mbili. Asubuhi hiyo mtoto alikuwa amepimwa, akaonekana amepungua gramu mia tatu tangu azaliwe. Tukaambiwa turudi baada ya siku tatu, na asipoongezeka ataanzishiwa maziwa ya kopo. Binti yangu alilia njia nzima. Chuchu zake zilikuwa zimechanika, naye alitamani sana kumnyonyesha mwanawe.

"Mnyonyeshe nione," Mama Mizani akamwambia.

Binti akampakata mtoto. Mimi nikasimama mbele yao na saa ya jikoni mkononi. Dakika saba kila upande, ndivyo nilivyowasimamia tangu mwanzo, nikihofia asije akamaliza ziwa moja akalisahau la pili. Zilipotimia saba nikanyoosha mikono nimchomoe.

Mama Mizani akanitazama kama aliyekuta mbuzi sebuleni.

"Bibi, wewe ndiye refa?"

"Nawasaidia tu, dada."

"Na wewe ukinyang'anywa sahani kwenye kijiko cha saba, utasema umesaidiwa?"

Binti yangu akacheka, mara ya kwanza tangu ajifungue. Niliona vibaya kidogo.

"Nenda kafue nepi, bibi."

"Nimeshafua."

"Basi kafue tena."

Nikatoka, ila mlango niliuacha wazi kiasi cha jicho moja. Nikamwona akimgeuza mtoto, tumbo kwa tumbo na mama yake, badala ya kulala chali huku shingo imepinda. Akangoja afungue mdomo wazi kabisa, ndipo akamsogeza mpaka kidevu kikagusa ziwa.

"Inauma?"

"Hapana," binti akasema, kama asiyeamini.

"Basi mwache ashibe mwenyewe. Akiliachia hilo, mpe la pili. Akitaka tena baada ya nusu saa, mpe, hana miadi. Na wewe uliye mlangoni, mletee mwenzio maji ya kunywa."

Siku tatu hizo nilipewa kazi ya kutoingilia, na sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo. Nilipika, nikapeleka maji, nikahesabu nepi zilizolowa, hilo niliruhusiwa. Kila nilipokaribia kitanda, binti aliniuliza, "Mama, kuna kitu kinaungua jikoni?" Nikarudi jikoni.

Siku ya kupima ilipofika, Mama Mizani alimlaza mtoto kwenye mizani. Mimi nikafumba macho.

"Fumbua, bibi. Hata ukifumba, uzito ni huohuo."

Alikuwa ameongezeka gramu mia moja na arobaini. Nikatafuta benchi, nikakaa. Binti akaja kuketi karibu yangu, akamnyonyesha palepale, mbele ya foleni nzima, bila kukunja uso. Mtoto akanyonya, akapumzika, akaendelea. Nilitaka sana kumwekea sawa ile kofia yake. Nikaikalia mikono yangu yote miwili.

"Hivyohivyo, bibi," Mama Mizani akasema, kisha akaita mtoto mwingine.