Koti la Efendi na Kabati la Mama Mkubwa

Nikinusa kafuri, hata kama ni msibani ambako wenzangu huwaza kaburi, mimi huwaza jua la asubuhi. Huliona sanduku la baba likitolewa barazani, nikazisikia bawaba zake zikilia, kisha nguo zikaanza kutoka moja moja, kila moja na mikunjo yake, na harufu ile kali na baridi ikatangulia mbele yake kama mtu anayepiga hodi.

Tulikaa Baleni, kijiji cha ndani ya kisiwa, penye minazi na mihogo, mahali ambapo bahari huisikii ila upepo ukigeuka. Baba hakuwa mtu wa kisiwani. Alikuwa Msudani. Wajerumani walimchukua kwao akiwa kijana, wakamleta pwani, akapigana bara miaka mingi, akapanda vyeo mpaka akawa efendi, cheo ambacho juu yake walikuwapo Wazungu tupu. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kwenye boma la Chole, na huko ndiko alikomwoa mama. Alipopumzika kazi alinunua shamba Baleni, akavaa kanzu, akashika jembe. Kwa hiyo mimi, mtoto wake wa pekee, sikuwahi kumwona ndani ya sare. Nilimjua kama mzee mrefu aliyepalilia mihogo kwa mistari iliyonyooka kuliko ya mtu yeyote kijijini.

Sare niliziona mara moja kwa mwaka, masika yanapokwisha, alipozianika zisiingie ukungu. Alitandika mkeka kwenye baraza ya mbele, kando ya njia iendayo kisimani, akazipanga kwa utaratibu ambao haukubadilika hata siku moja. Kwanza shati la uaskari, lililopauka kabisa. Kisha koti la kaki la uefendi, lenye vifungo vya shaba na nyota za fedha mabegani. Kisha tarbushi, mkanda mpana wa ngozi, na filimbi. Mwisho kabisa nishani, ambayo aliitoa kwenye kitambaa, akaitazama, akaifunga tena. Vifungo tulivisugua mimi na yeye kwa majivu na ndimu mpaka vidole vikawasha.

"Mende hawajui cheo, binti yangu," alizoea kusema, akikung'uta mabega ya koti.

Mimi nilikuwa mtoto wa kuona mambo na kuyapanga. Kila nilichokiona nilikiweka kwenye fungu lake kichwani. Basi niliona kwamba siku za kuanika sare, wanawake waliokwenda kisimani hawakupita mbele ya nyumba yetu. Walichepuka, wakazunguka nyuma kwenye miiba, na mitungi kichwani. Bi Mize, jirani yetu, alifunga hata dirisha. Jambo hilo nililionea fahari sana, nikaliweka kwenye fungu la heshima.

Baba alipofariki, mzee Shomari ndiye aliyeongoza kumwosha. Shomari alikuwa mkwezi wa minazi na mwosha maiti, na kazi zote mbili alizifanya kwa upole uleule. Siku ya kuondoa matanga, mama alifungua sanduku akagawa. Kwetu nguo za marehemu hazikai ndani. Huwaendea waliomwosha na wenye shida, ziwe sadaka yake. Shomari akapata koti. Mkanda ukaenda kwa Makame, mvuvi. Tarbushi akapewa Bi Mize. Zilibaki filimbi na nishani tu, na sanduku lililonuka kafuri.

Mama Mkubwa, dada yake mama, alikuwa Unguja msiba ulipotokea. Alifika baadaye, akalia kwanza kama inavyopasa, akamaliza, akajifuta uso, akauliza, "Sanduku liko wapi?"

"Liko pale, dada."

"Mbona jepesi?"

"Nimegawa nguo."

"Kanzu?"

"Kanzu, na zile nyingine."

Mama Mkubwa alikaa chini kama mtu aliyekatwa miguu. "Mwanaisha! Umegawa mali ya yatima! Mtoto huyu hana babu, hana ami, hana shangazi katika kisiwa hiki. Ukoo wake wote wa kuumeni ulikuwa ndani ya sanduku lile, nawe umempa mkwezi!"

Mama aliendelea kupeta mchele. Nilingoja ajibu. Hakujibu siku ile wala miaka iliyofuata, nami nilimkasirikia kwa kimya chake, maana Mama Mkubwa alikuwa amesema nililokuwa nalo moyoni bila kujua jina lake. Nilikuwa nataka kumwona baba akiwa mzima, kuanzia tarbushi mpaka mkanda, na sasa alikuwa ametawanyika vijijini.

Mama Mkubwa hakuwa mtu wa kukubali jambo kwa sababu limekwisha kutendeka. Alikwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akakaa nyuma ya pazia, akauliza kama sadaka yaweza kudaiwa irudi. Mwalimu akasema haiwezi. Je, yaweza kununuliwa? Mwalimu akasema haipendezi.

"Na kuazima?"

Mwalimu akasema, "Kuazima... watu huazimana."

"Basi," akasema Mama Mkubwa, na jambo likawa limekatwa.

Tangu hapo, kila mwaka hitima ya baba ilipokaribia, yeye nami tulizunguka kukusanya. Tulianzia kwa Bi Mize, ambaye tarbushi aliiweka jikoni, na mwaka wa kwanza tulimkuta kuku wake ameilalia.

"Ngojeni aangue," akasema Bi Mize.

"Bi Mize, hicho ni kitu cha efendi!"

"Ndiyo, shoga yangu. Vifaranga vyake vinasimama wima."

Mkanda ulikuwa na safari ndefu zaidi, kwa kuwa Makame alikaa dago, kambi ya uvuvi, kwenye kisiwa kidogo cha Shungimbili na wavuvi wenzake. Tulituma salamu, tukasubiri, ukaja ukinuka ngonda, samaki wa kukaushwa, nao umekakamaa kwa chumvi. Mama Mkubwa aliupaka mafuta ya nazi akiusemesha kama mgonjwa.

Koti ndilo lililokuwa kazi. Shomari alilivaa kila siku, mikono ameikata viwikoni, mfukoni ameweka tumbaku na kisu. Tulimfuata shambani kwa kusikiliza kelele za watoto, kwa sababu watoto wa Baleni waliandamana naye kila aendako. Alikuwa na desturi ya kuangusha dafu moja kwa bahati mbaya, na bahati mbaya hiyo ilimpata kila siku.

"Shomari, shuka!" Mama Mkubwa alimwita akiwa chini ya mnazi.

"Nani?"

"Ni mimi. Nimekuja kuazima koti."

"Lakini nimelivaa, Bi Mkubwa!"

"Ndiyo maana nikasema shuka."

Watoto wakacheka mpaka wakakaa chini. Shomari akashuka, akalivua, akatoa tumbaku yake, akalikunja na kunikabidhi mimi, si yeye, kwa mikono miwili.

Siku ya hitima sebule yetu ilikuwa ya kutazamwa. Mama Mkubwa alipanga vitu kwa utaratibu wa baba, nami ndiye niliyemkumbusha utaratibu huo. Koti alilitundika katikati ya ukuta, limefuliwa, limefukizwa udi, vifungo vinawaka. Tarbushi juu yake, mkanda chini yake, nishani kifuani. Wageni walisimama mlangoni wakatazama, sauti zikashuka. Nilijiweka kando ya koti kama mlinzi. Ukikaza macho na kuyafinya kidogo, mtu alikuwapo pale. Kesho yake tulivirudisha vyote, safi kuliko tulivyovikuta, na Makame alisema afadhali mkanda wake ufiwe kila mwezi.

Ikawa hivyo mpaka mwaka wa kabati.

Mama Mkubwa aliliagiza kwa seremala wa Kihindi kule Chole. Lilikuja kwa jahazi, likabebwa na wanaume kutoka pwani: kabati la msaji, mlango wa kioo, na ufunguo. Hitima ikasomwa, wageni wakaondoka, kesho ikafika. Tarbushi ilirudi kwa Bi Mize, mkanda kwa Makame, lakini koti lilibaki nyuma ya kioo. Mama Mkubwa alikuwa amefunga kabati, na ufunguo ameufundika kwenye upindo wa kanga yake.

"Vile vingine tutaona," akaniambia. "Hili halitoki. Ni lako."

Nilifurahi, siwezi kusema vingine. Nilikula chakula cha mchana nimekaa mbele ya kioo.

Shomari alipoona kimya, alikuja mwenyewe. Alisimama barazani, kifua wazi, kamba yake ya kukwea begani. Watoto walibaki njiani wakisubiri.

"Hodi, Bi Mkubwa. Nimefuata koti langu. Asubuhi kule juu kuna baridi."

"Nitakushonea jipya. Zuri, halina kiraka."

"Jipya sina haja nalo."

"Wewe Shomari, unajua koti hili limepigana vita gani?"

"Sijui, Bi Mkubwa. Mwenyewe hakupenda kuvitaja."

Mama Mkubwa akaniweka mbele yake, mikono yake mabegani mwangu. "Mwenye mali huyu hapa. Muulize yeye."

Shomari hakuniuliza. Alinitazama tu. Nami nikasema, "Nataka likae."

Ndipo mama aliponyanyuka. Alikuwa akikuna nazi. Aliiacha mbuzi pale ilipo, akanawa mikono, akamjia dada yake na kunyoosha kiganja. Sijui Mama Mkubwa aliona nini usoni mwake, ila aliufundua ufunguo akampa. Mama akafungua kioo, akalitoa koti.

"Dada," akasema, "nilinyamaza kwa kuwa nilipenda umkumbuke unavyomkumbuka. Koti hili sikuligawa mimi. Aliligawa mwenyewe, mimi na Shomari tukimsikia, siku alipojua haamki tena. Alisema, 'Mpeni Shomari. Watoto hawamkimbii Shomari.'"

"Nani alikuwa akikimbia?" Mama Mkubwa akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Mama alinigeukia mimi. "Wewe unayeona kila kitu. Siku baba yako akianika barazani, ulimwona nani akipita kwenda kisimani?"

Nilifungua kinywa nimtaje mtu. Nilipitia nyuso zote nilizozijua, wanawake wote na mitungi yao yote, na sikupata hata mmoja.

Shomari aliinamisha kichwa akatazama miguu yake. Mama akamnyooshea koti, lakini Mama Mkubwa akalidaka njiani. "Ngoja," akasema. Nilidhani anakataa. Akaingia ndani, akatoka na sindano na uzi, akaketi kizingitini. "Kifungo hiki kinalegea. Usije ukakiangusha minazini, nikakosa cha kusugua mwakani." Akakishona kwa uzi wa mara mbili, taratibu, pua yake ikivuta kamasi, akakata uzi kwa meno, akampa Shomari kwa mikono yake mwenyewe.

Kabati lile ninalo mpaka leo. Ndani yake mna sahani za Mama Mkubwa, filimbi, na nishani kwenye kitambaa chake. Koti liliendelea kuazimwa kila mwaka na kurudishwa kila mwaka, na kila mwaka lilikuja na viraka vingi zaidi, mpaka vita vya Wazungu vilipofika na askari wa maadui wa Wajerumani wakashuka kisiwani kuulizia wenye nguo kama ile. Walimpita Shomari njiani, wala hawakuitambua.

Nilipokuwa mtu mzima, nimezoeana na watu wa bara, niliambiwa makoti ya namna ile yalifanya nini huko, na yakija kijijini kudai kodi watu walikimbilia wapi kulala. Sikushangaa kama msimuliaji alivyotazamia. Baba alikuwa ameshaniambia, kwa njia yake, siku nyingi. Alijua kwa nini njia ya kisimani huwa tupu. Alikuwa akiitazama kila mwaka, kutoka barazani kwake, huku akisugua vifungo. Nikalitoa jambo lile kwenye fungu la heshima na kuliweka panapostahili.

Lakini lipo jambo moja ambalo halijahama mahali pake. Siku ile Shomari alilivaa koti palepale barazani, akatia tumbaku mfukoni, akashuka njiani. Bi Mize alikuwa akija kutoka kisimani, mtungi kichwani, maji yakimdondokea shingoni. Njia ni nyembamba. Nilisimama mlangoni nikatazama kwa makini nione atachepuka upande gani.

"Shomari," akasema Bi Mize bila kusimama, "mnazi wangu umekauka makuti, unangoja uniangukie?"

"Kesho, Bi Mize."

"Kesho yako naijua!"

Wakapishana, bega la kaki likagusa bega la kanga, na watoto wakapita mbio katikati yao wakimfuata efendi wao.