Jumamosi ya Baba kwa Bei ya Sato

Baba yangu alikuwa mtu wa mashine katika jumba la sinema, mjini Mwanza. Yeye ndiye aliyetia mikanda na kuilinda isikatike, kule juu kwenye chumba chenye joto kali, huku chini watu wakipiga miluzi. Aliianza kazi hiyo akiwa kijana, miaka ya sabini, akaifanya mpaka jumba lilipofungwa na kugeuzwa ghala la marobota ya mitumba. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, mambo yamefunguliwa, kila mtu anauza kitu. Baba akarudi nyumbani Kirumba na koti lake la kazi kwapani, akaketi.

Mama hakuketi, na kwa hilo nitamshukuru mpaka naingia kaburini. Kwa ridhaa ya baba alichukua kiinua mgongo chake kidogo, akaongezea hela zake za dagaa, akanunua televisheni na deki ya video, kisha akasimamisha banda la mabati uani. Mchana tulionyesha picha za ngumi, jioni za Kihindi. Kiingilio alipokea mwenyewe mlangoni, khanga kiunoni, na mtu aliyejifanya anaingia mara moja tu kumtafuta ndugu yake alirudishwa kabla hajamaliza sentensi.

Basi Jumamosi moja akaja baba mdogo, mdogo wake baba, mkulima wa Sengerema. Alivuka kwa kivuko cha Kamanga na gunia la viazi, akaketi karibu na mlango wa banda, akashinda anaangalia watu wanavyoingia na kutoka. Baba mdogo alikuwa mtu mwema sana, ila wema wake uliingia ndani na matope miguuni. Jioni alimuuliza mama amepata kiasi gani, na mama, ambaye hakuwa na aibu na jasho lake, akamwambia.

"Loo! Kaka, umesikia? Shemeji kwa leo tu amepata hela ambayo jumba lenu zima halikuwahi kuiona kwa mwezi!"

Alisema kwa furaha tupu, akimsifu mama. Baba alikuwa anakijua kiasi walichokuwa wakikusanya Jumamosi ambazo jumba lilijaa hadi watu wakasimama ukutani, kwa sababu siku hizo walitangaziwa na kupewa soda. Akakitaja kwa sauti ndogo. Kweli, mbele ya hela za mama kilikuwa kama chenji ya kiberiti. Akacheka kidogo.

"Kumbe miaka yote ile tulikuwa tunacheza," alisema.

Chakula hakukigusa. Baadaye nikamsikia anamwambia baba mdogo kwamba Jumatatu watavuka wote, akalime, maana hapa mjini yeye ni mzigo wa mke wake. Nilikuwa darasa la saba, mtu mzima wa kutosha kujua kwamba anayekwenda kutembea hafungui chandarua chake kitandani. Baba alikifungua, akakikunja, akakitia kwenye begi pamoja na lile koti. Niliogopa kweli kweli. Baba zetu wengi walikuwa wanaondoka nyumbani miaka ile, na hawakuaga kwa ugomvi. Waliaga hivyo hivyo, kwa upole.

Jumapili, tulipotoka kanisani, mama hakuja nasi nyumbani. Alipitia mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki, akarudi na sato mkubwa mzima. Nilishangaa. Tangu viwanda vya minofu vianze kununua sangara wa kupeleka Ulaya, bei ya kila samaki ilipanda, hata sato, na sisi tunaoishi hatua chache kutoka ziwani tulikuwa tunakula mapanki, ile mifupa na vichwa vinavyobaki kiwandani. Mama alimpika sato yule kwa nyanya na vitunguu, akapakua, akamwekea baba kichwa.

"Baba," alimwambia, "enzi zenu kiti cha juu pale sinema kilikuwa bei gani? Na usinitajie shilingi. Nitajie samaki."

"Samaki kama huyu?"

"Kama huyuhuyu."

Baba akafikiri. "Kiti cha juu kilikuwa sato mmoja. Vya chini, sato mmoja watu wawili. Mtu aliuza samaki wake pale mwaloni, akaja kuangalia picha."

"Huyu wa leo ameondoka na kiingilio cha benchi langu zima la mbele. Shemeji, umesikia? Benchi zima! Haya, wewe ni mtu wa magunia, nipigie hesabu. Jumba likijaa juu na chini, ni samaki kiasi gani?"

Baba mdogo alianza na vidole, akaviacha. "Mtumbwi mzima, shemeji. Tena unaelemewa."

"Na Jumamosi yangu mimi ni karai."

"Karai?" baba akauliza.

"Karai, tena halijajaa. Noti ni nyingi kwa sababu zimekonda. Usinichukulie noti ya leo ukailinganisha na shilingi ya wakati ule, ile ilikuwa na nyama."

Baba akakivuta kile kichwa cha samaki, akaanza kula.

"Kaka, basi mlikuwa matajiri!" baba mdogo akasema.

"Matajiri wapi. Hela zilikuwa za mwenye jumba," baba akajibu. "Lakini watu walikuja, bwana. Walikuja."

Jumatatu alimsindikiza mdogo wake hadi kivukoni, akarudi kwa miguu na tochi mpya mkononi. Chandarua kikafungwa mahali pake. Jumamosi iliyofuata alivaa koti lake la kazi, akasimama ndani ya banda letu la mabati akiwamulikia wavuvi na wachuuzi mahali pa kukaa, kana kwamba wamekata tiketi ya kiti cha juu. Watu walipenda sana. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye banda lile, na kila nikiona tochi nashukuru.

Mtaani nako hesabu ya mama ikashika. Mshahara, mahari, kodi ya nyumba, vyote watu walivipima kwa sato, wa zamani na wa sasa, na kila aliyepima akaona zamani ilikuwa peponi.

Miaka mingi baadaye nilikuwa mwalimu wa biashara, nafundisha huko Magu. Siku moja, ubaoni, katika somo la hela kupungua thamani, nilichukua zile Jumamosi mbili, ya mama bandani na ya baba jumba lilipojaa, nikazipima kwa mchele. Zikakaribiana. Nikazipima kwa shati. Zamani shati lilikuwa kitu cha kupanga foleni, na mitumba ilipokuja, hela za benchi moja zilivalisha familia. Kwa shati, mama alimshinda baba vibaya sana. Kumbe pale kwetu hakukuwa na kipimo kilichompendelea baba kama samaki.

Nilipokwenda likizo nilimweleza mama, nikijiona nimegundua jambo. Alikuwa anachambua dagaa na hakuinua kichwa.

"Wewe ulidhani nilimnunua sato yule kwa sababu ya uroho? Ningetaka kushinda mimi, ningemnunulia shati."

Nikageuka haraka, maana baba alikuwa pale pale barazani, tochi yake kuukuu magotini, na nilijua amesikia.

"Usihangaike, mwanangu," alisema. "Siku ile nilikuwa nimevaa shati la mtumba, nimelinunua mwenyewe kwa hela ya chai. Bei yake nilikuwa naijua. Lakini mtu akikuchagulia kipimo hivyo, Sengerema unakwenda kufanya nini?"