Kadi Niliyoilipa Kama Kitabu cha Mama Akoth

Nilitoka nyumbani kwangu mtaa wa Ziwani, hapa Nairobi, kwa sababu ya pesa za kaburi. Nyinyi mlio nyumbani kijijini mnajua Rasoa, mke wangu, amelala hapo chini ya udongo mtupu, na mlinisikia nikiapa nitamjengea kwa saruji kabla ya mvua za mwaka huu. Nilikuwa nimeweka akiba ya elfu arobaini benki. Halafu benki hiyo hiyo ikaniandikia kwenye simu kwamba deni la kadi yangu ni elfu thelathini na nane. Nikasema hawa wamekosea, mbona mimi hulipa kila mwezi? Nikavaa koti la kanisani nikaenda kuwauliza.

Saa mbili asubuhi nilifunga mlango. Nilisema "haya, naenda," kama kawaida yangu, na nyumba ikanyamaza kama kawaida yake. Dukani Mama Akoth alikuwa anapanga mikate.

"Mzee wa koti! Unaenda kuoa?"

"Naenda benki."

"Kwani hao nao umewakopa?"

Tulicheka. Huyu mama ana kitabu cha kukopesha, karibu laini yetu nzima ya nyumba tumeandikwa humo. Mwisho wa mwezi ukikosa, unampa hata shilingi hamsini, sisi tunaita kuonyesha uso. Akishaona hujatoroka, deni linakaa pale pale linakungoja, haliongezeki. Mshikeni huyo hapo, nitamrudia.

Jogoo Road niliifuata kwa miguu, kubana nauli. Nilifanya kazi ya mabomba ya kaunsili miaka mingi, kwa hiyo barabara hiyo naijua chini kuliko juu. Kuna valvu moja pale tuliifungua watu sita tukashindwa, lakini hayo ni mengine. Wale watu sita nimebaki mimi. Zamani ningesalimiwa njia nzima mpaka mdomo uchoke. Siku hiyo walionisalimia ni makanga wa matatu tu, "Mbuyu, ingia twende Buru!" na hao, ingawa mbuyu kwao ni mzee kama baba, walikuwa wanasalimia nauli.

Kadi yenyewe nilipewa nilipostaafu. Rasoa alipougua ilitununulia dawa, siwezi kuitukana yote. Alipoondoka ningeiweka tu. Lakini iko supamaketi Buruburu, na msichana wa kaunta huniuliza, "Umelalaje, mzee?" Basi nikawa naenda kila siku, nanunua kitu kimoja napitisha kadi. Nina sabuni za kuoga zitakazonizidi umri.

Saa nne nilifika benki. Nilihudumiwa na binti anaitwa Mercy.

"Mzee, huwa unalipa kiasi gani?"

"Hiki kidogo mnachoandika kwenye simu."

"Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Kinakuepusha na faini tu. Kinachobaki kinaongezwa riba."

"Hata kama nimeonyesha uso?"

"Uso gani?"

Nikamweleza habari ya Mama Akoth. Alicheka, halafu akaacha.

"Baba, mashine haioni uso. Ukilipa yote kabla ya tarehe, hulipi riba kwa ulichonunua. Ukibakisha, hata sabuni ya jana inaingia kwenye riba. Na usitoe pesa mkononi kwa hiyo kadi, hizo riba yake inaanza siku hiyo hiyo. Karatasi zetu hukuzipata?"

Nilizipata. Ziko kwenye droo, hazijafunguliwa. Niliacha shule darasa la nne, na karatasi ndefu hunitia woga. Ujumbe wa simu ndio nilikuwa nausoma, mara mbili mbili, kwa sababu unaanza "Mpendwa mteja," na hakuna mtu mwingine anayeniita mpendwa.

"Na nikilipa yote leo?"

"Litaisha leo. Ukiendelea hivi, ni miaka."

Nilimwona Rasoa na udongo wake. Halafu nikamwambia Mercy atoe zile za akiba. Zilibaki elfu mbili.

"Na kadi, tuifunge?"

"Kata." Alichukua makasi akaikata mbele yangu.

Saa sita nilianza kurudi. Nilipita supamaketi nikaingia mikono mitupu.

"Umelalaje, mzee?"

"Vizuri, mama. Sinunui kitu leo."

"Kwani nimekuuliza hayo?" akasema, akacheka. Miezi yote hiyo nilikuwa nalipia salamu ambayo haikuuzwa.

Jioni simu ililia. Mpendwa mteja, deni lako ni sifuri. Tangu hapo haijalia tena.

Kwa hiyo mwenye kadi kati yenu anunue kile ambacho pesa yake tayari anayo, na ikifika tarehe alipe chote. Na mimi mvua itanikuta sijajenga. Najua mtasema, semeni tu. Naanza tena na hizo elfu mbili. Mwekeeni Rasoa turubai pale juu, na mkipita asubuhi kwenda mtoni, msimpite kimya. Muulizeni amelalaje.