Magunia Manne ya Mifupa

Kwetu Singida ng'ombe hawapelekewi chumvi. Huifuata wenyewe. Kuna bonde la udongo mweupe karibu na ziwa, na wakati wa kiangazi baba alikuwa anafungua zizi tu. Kundi linakwenda, linalamba mpaka linatosheka, linarudi. Kwa hiyo nilipopangiwa kazi ya mifugo Nachingwea, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, sikudhani kwamba ujana wangu ungeishia kwenye kutafuta kitu ambacho nyumbani tulikikanyaga.

Nachingwea ni nchi ya korosho na ufuta. Ng'ombe wa maziwa walikuwa wa kuhesabika, na waliletwa na mradi: nyumba moja inapewa mtamba, akizaa ndama jike wa kwanza anapelekwa kwa jirani anayefuata kwenye orodha. Wengi waliopewa hawakuwahi kushika kamba ya ng'ombe maishani. Waliwatunza vizuri kwa sababu waliwaogopa. Majani walikata, maji walichota, lakini ardhi ile ilikuwa na upungufu wake, na majani yaliota na upungufu uleule. Unamkuta ng'ombe anatafuna kandambili. Mwingine kala nusu ya kanga iliyoanikwa kwenye ua. Watu wakasema wamerogwa. Mimi nikazunguka kijiji hadi kijiji nikieleza kwamba mwili wa mnyama umekosa madini na unayatafuta popote.

Kueleza hakukunishinda. Kilichonishinda ni kuyapata hayo madini. Yalitoka Dar es Salaam kwa lori, na masika barabara ya kusini ilikuwa tope tupu. Lori likinasa, linanasa wiki. Mara moja mawe ya chumvi na madini, ya kulambwa na ng'ombe, yalifika baada ya kunyeshewa njia nzima. Tulipofunua turubai tukakuta magunia yamesinyaa na maji ya chumvi yanadondoka chini ya bodi. Dereva alitaka nisaini kwamba nimepokea mzigo. Nikamwandikia kwamba nimepokea magunia.

Hasira ile ndiyo iliyonifanya nianze kutengeneza mawe mwenyewe. Chumvi ya mawe ilipatikana Lindi, chokaa ilikuwepo, na mifupa niliiomba machinjioni. Niliichoma kwenye pipa lililokatwa nusu mpaka ikawa myeupe, na majirani zangu wakawa wanafunga madirisha kila waliponiona na kiberiti. Kinu cha kuitwanga hakuna mwanamke aliyekubali kuniazima, na walikuwa na haki, kwa hiyo nikachongesha changu. Unga nikauchekecha, nikauchanganya na chumvi, chokaa na udongo wa kichuguu wa kushikilia, nikashindilia kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, katikati nikaacha tundu la kupitisha kamba. Mawe ya kwanza yalikuwa laini. Mbuzi wa watu waliyang'ata kama mkate wakaharisha siku tatu. Ya pili nilitia saruji kidogo, yakawa magumu kiasi kwamba ng'ombe mmoja wa Nambilanje alilamba mpaka ulimi ukachubuka. Ya tatu yakakubali. Niliyapenda mawe yale kupita kiasi. Nilikuwa nikipita nyumba za watu nayatazama yanavyoning'inia bandani, na najisifu kimoyomoyo.

Huko Marambo kulikuwa na mjane mmoja, Mmwera, umri wa kuitwa bibi. Aliniita bwana mifugo, maana ndivyo kazi ilivyoitwa, na sketi yangu haikumbabaisha. Ng'ombe wake ndiye aliyekuwa na hali mbaya kuliko wote niliowahudumia: miguu ya nyuma ilikuwa inatetemeka, na mchana kutwa alikuwa akimung'unya mfupa wa zamani alioufukua mwenyewe jalalani. Alishazaa dume mara moja, na sasa alikuwa na mimba ya miezi sita. Nilijua wazi kwamba akifika siku ya kuzaa katika hali ile ataanguka, na ng'ombe wa maziwa akianguka baada ya kuzaa mara nyingi hainuki. Yule bibi hakuwa na kingine. Mikorosho ilibaki kwa ndugu wa marehemu mumewe.

Shida ikawa mifupa. Mjini Nachingwea siku nyingine walichinja ng'ombe mmoja, siku nyingine hakuna, na mbwa waliwahi kabla yangu. Dereva wa lori la ufuta akaniambia Kilimarondo mifupa imezagaa, anaweza kuniletea. Nilimwambia alete hata magunia manne. Alipoyaleta nilikagua mambo mawili tu: kama mifupa ni mikavu, na kama magunia hayakuwahi kuwekwa salfa ya kupulizia mikorosho, maana niliwahi kuona mbuzi akilipia kosa hilo. Salfa haikuwepo. Nikafurahi kama mtu aliyepata mshahara. Nilichoma magunia matatu, nikatengeneza mawe, nikagawa Marambo na Nambilanje.

Lile la bibi lilifanya kazi. Wiki ya tano ng'ombe aliacha jalala. Wiki ya nane alisimama wima, manyoya yanang'aa, na bibi akaacha kumkamua apumzike kabla ya kuzaa. "Bwana mifugo," aliniambia, "hili jiwe lako lina dua ndani." Nikacheka, nikapanda pikipiki yangu nikaondoka nikiwa mkubwa kuliko barabara.

Juma lililofuata nilifungua gunia la nne. Nilikuwa nachambua mifupa uani kwangu, mchana kweupe, nikashika taya lenye meno mawili yaliyopinda kwenda juu. Nililishika muda mrefu bila kutaka kulielewa. Kilimarondo iko kando ya pori, nguruwe wanaingia mashambani, wakulima wanawaua na mizoga inabaki ukingoni. Kila mtu alijua hilo. Nami nilijua. Sikuuliza tu, kwa kuwa kwetu mfupa ni mfupa, na kwa kuwa niliutaka.

Nilikwenda kwa mkuu wangu wa kazi, mgeni kama mimi, mtu wa Mbeya. Alilitazama taya akaniambia, "Dada, umeshachoma. Majivu ni majivu. Nani atajua?" Ukweli ni kwamba nilikwenda kwake ili aniambie hivyo. Nikakaa na jibu lake siku tisa. Kila siku nilijipa sababu ileile: ng'ombe wa bibi amebakiza wiki chache, barabara imekatika, jiwe lingine sina. Nikisema, wataliondoa na ng'ombe ataanguka. Nikinyamaza, atazaa salama. Sababu ilikuwa nzuri, na bado gunia la nne sikulichoma.

Siku ya kumi nilikwenda Marambo. Bibi alinipa kigoda, akaniletea maji. Nilimwambia kabla sijayanywa.

Hakupiga kelele. Aliuliza, "Una hakika?"

"Gunia la nne lilikuwa na taya, bibi. Matatu nimeshayachoma, sijui yalikuwa na nini. Ila yametoka mahali pamoja."

"Na hili langu?"

"Limetoka katika hayo matatu."

Nikajaribu kujitetea. Nikamwambia moto umekula kila kitu, kilichobaki ni chokaa tupu, haina nyama wala damu. Nikamwambia pia habari ya miguu ya ng'ombe, na nini kinaweza kumpata. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe unaona majivu," alisema. "Mimi nitapiga bismillahi juu ya maziwa ya huyu. Ntu hapigi bismillahi juu ya kitu anachokificha."

Alikata kamba ya jiwe kwa panga, akalisukumia kwa vijiti viwili kwenye shimo na kulifukia. Kisha akaosha kihori cha kulishia ng'ombe. Mara ya kwanza kwa maji yaliyochanganywa na udongo, kisha maji matupu, na kila mara aliyamwaga mbali, akanihesabia kwa sauti mpaka saba. Akaosha kamba. Akaosha pua na midomo ya ng'ombe, naye akatulia kabisa kuoshwa. Mwishowe akanigeukia na kata mkononi. "Lete nkono." Nikampa mikono yote miwili, na aliniosha mara saba kama mtoto. Nililia hapo, wala sikujificha.

Nilikwenda Nambilanje pia, nyumba kwa nyumba, nikakusanya mawe yangu. Mzee mmoja alikuwa ameshasikia. Lake alilitupa chooni na mlango wake haukunifungukia tena. Ilibaki kusubiri mifupa ya machinjioni, kidogo kidogo. Kabla ya kuniruhusu kumtengenezea jiwe jipya, bibi alitaka kujua kila mfupa ni wa mnyama gani na nani kachinja. Kwa hiyo nikawa nasimama machinjioni tangu alfajiri, nauliza. Lilichukua zaidi ya wiki tatu. Nilimpelekea zikiwa zimebaki siku sita ng'ombe azae.

Ng'ombe alizaa ndama jike, mzima. Siku ya pili mama alianguka. Dawa ya kumchoma mshipani haikuwepo stoo; tulishaagiza Mtwara tangu mwanzo wa mvua. Nilimnywesha uji wa unga wa mifupa, nikamkanda miguu, nikamgeuza upande huu na ule na majirani. Siku ya tatu bibi mwenyewe akasema aitwe wa kuchinja, asije akafa kibudu. Nyama iligawiwa kitongoji kizima.

Ndama, kwa mujibu wa orodha, alikuwa wa jirani. Nilimwambia bibi nitaandika barua, nitaeleza kilichotokea, yeye abaki naye. Akakataa. "Zamu yake. Alingoja kama nilivyongoja mimi." Jirani akamchukua ndama, akamlea kwa maziwa ya mbuzi. Banda la bibi likabaki na kihori kilichooshwa mara saba.

Siwezi kuapa kwamba wiki zile tatu ndizo zilizomwua. Ng'ombe waliolamba kila siku nao wanaanguka. Lakini nimekaa na hesabu hii miaka mingi, nikiwa Nachingwea na hata nilipohamishiwa Ruangwa, na kila mara inanirudisha kwenye magunia manne ambayo sikuyaulizia.

Baada ya wiki mbili yule jirani alifika ofisini kwa baiskeli akiwa na gunia. Ndani kulikuwa na mifupa ya yule ng'ombe wa bibi, imeoshwa, imeanikwa, hakuna hata mmoja uliopotea. Bibi ameituma, akasema, nitengeneze mawe. Nilitengeneza kumi na moja. Nilikwenda nayo Marambo nikijua kwamba sasa atayasema yote, na nikitaka ayaseme.

Aliyashika moja moja, akayanusa. "Haya unayajua yalikotoka."

"Nayajua, bibi."

"Wape wote. Ila mwanawe usimpe. Asimlambe mama yake."

Nikasema sawa. Nikabaki nimesimama. Kisha nikamwuliza lile nililolifuata, kama ingekuwa heri ningenyamaza.

Hakuwa mtu wa kumpa mwenzake jibu la kumfurahisha. "Ungenyamaza, ng'ombe wangu ningekuwa naye," alisema. "Maziwa yake ningekunywa, na wewe ningekuombea dua kila siku."

Nilichora mstari kwenye yale mawe kumi na moja kwa ncha ya msumari ili nisije nikakosea, nikayagawa kwingine. Kwa ajili ya ndama nilirudi machinjioni kesho yake asubuhi. Mchinjaji alinirushia mfupa wa paja nikaudaka, nikamwuliza mnyama huyu katoka kwa nani na nani kamchinja. Alicheka, maana panga bado lilikuwa mkononi mwake. Sikuondoka mpaka aliponijibu.